Binti wa Pwani: Samira Azzam, Hadithi Fupi na Historia ya Ukimbizi kwa Msomaji wa Dzaleka na Kawale

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha na kazi ya Samira Azzam (1927–1967), mwandishi wa hadithi fupi aliyezaliwa Akka, Palestina. Hoja yetu ni kwamba hadithi zake zinastahili kusomwa na mwanahistoria wa ukimbizi kama ushahidi wa jambo ambalo daftari za usajili haziwezi kulirekodi, yaani namna mtu anavyopokonywa jina lake hali yu hai na kitambulisho kimo mfukoni mwake. Hadithi hizo zinasomwa hapa kwa jicho la Dzaleka na Kawale, nchini Malawi, ambako Kiswahili ni lugha ya wakimbizi.

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili akitajiwa mwanamke Mwarabu mwandishi, mawazo yake humwendea kwanza Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na kuchapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Heshima hiyo anaistahili. Lakini Salme aliandika maisha yake mwenyewe, na maisha hayo yalikuwa ya binti wa mfalme. Anayemtafuta mwanamke Mwarabu aliyeifanya hadithi fupi kuwa kazi ya umri wake, na aliyeandika juu ya watu wasio na nasaba ya kujivunia, itambidi aondoke Zanzibar aelekee kaskazini hadi pwani ya Shamu. Huko ndiko alikotoka Samira Azzam.

Huenda mtu akauliza Palestina inahusianaje na mkutano wa Kiswahili, tena Kiswahili cha Malawi. Kiswahili si mgeni wa jana katika nchi hii. Katika karne ya 19 kilizungumzwa Nkhotakota, kando ya Ziwa, chini ya utawala wa akina Jumbe, na misafara ya pwani ilikipitisha mbali zaidi ya hapo. Hata hivyo Kiswahili kinachosikika leo katika wilaya ya Dowa hakikuja na misafara. Kimekuja na Wakongo wa Kivu, Warundi na Wanyarwanda waliokimbia vita, nao wamekifanya kuwa lugha ya soko, ya kanisa na ya ugomvi wa foleni ya maji katika kambi ya Dzaleka, yapata kilomita 50 kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Wachewa husimulia kwamba jina lenyewe ni sauti ya mfungwa anayeahidi kuwa ataacha, hatarudia tena. Wakimbizi walianza kuwekwa hapo mwaka 1994. Mahali palipokusudiwa watu 10,000 au zaidi kidogo sasa pana watu zaidi ya 50,000. Ni vigumu kuishi katika mahali penye jina kama hilo bila kujiuliza mtu ameahidi kuacha nini.

Malawi iliridhia mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 kwa kuweka masharti, na miongoni mwake yamo yanayogusa uhuru wa kutembea na haki ya kufanya kazi. Kwa miaka mingi sharti hilo lilisimama kwenye karatasi huku wakimbizi wakifungua maduka katika vitongoji vya Lilongwe, Kawale kikiwa kimojawapo. Mwaka 2023 serikali iliagiza wote warudi Dzaleka; tangu Mei mwaka huo polisi waliwakamata watu na maduka yakafungwa. Makala haya yameandikwa Kawale, na msomaji atambue kwamba mwandishi hakuifikia hadithi ya muuza duka Mpalestina kwa njia ya maktaba pekee.

Kutoka Akka

Akka ni mji wa mawe uliozungukwa na ukuta, umejengwa juu ya ulimi wa nchi kavu unaoingia baharini. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe asingepotea sana katika vichochoro vyake. Napoleon aliuzingira mwaka 1799 akashindwa kuuteka. Samira alizaliwa humo katika familia ya Wakristo wa Kiorthodoksi, wakati nchi iko chini ya udhamini wa Waingereza. Alisoma Akka, kisha katika shule ya masista mjini Haifa, na alipofika miaka 16 tayari alikuwa mwalimu. Kiingereza alikiongeza kwa masomo ya posta. Katika miaka hiyohiyo alianza kupeleka maandishi yake kwenye gazeti la Filastin, lililoanzishwa Jaffa mwaka 1911, akijificha nyuma ya jina la kalamu, Fatat al-Sahil, Binti wa Pwani.

Jina hilo linatuhusu. Sahil hiyo ndiyo ambayo wingi wake, sawahil, umeipa lugha yetu jina. Hatudai undugu kwa sababu ya neno moja. Maneno ya pwani yamesafiri sana na hayana kabila. Tunachosema ni kwamba msichana huyu alipotaka kujificha alichagua jina la mahali, wala hakulitumia la ukoo au la sifa. Miaka michache baadaye mahali hapo aliondolewa, na jina la mahali likageuka kuwa kitu ambacho wengine walimwitia.

Akka ilianguka mikononi mwa majeshi ya Haganah katikati ya Mei 1948. Wapalestina zaidi ya 700,000 walitawanyika mwaka ule na uliofuata, na familia ya Azzam ilikimbilia Lebanon. Samira alikuwa na miaka 20 tu. Kilichofuata ni mfululizo wa safari. Alikwenda Iraq, akawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana mjini Hilla. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na redio ya Sharq al-Adna, kituo cha Kiarabu kilichoendeshwa na Waingereza na kilichohamishiwa Kupro, akawa mwandishi na mtangazaji wa kipindi cha wanawake. Vita vya Suez vilipozuka mwaka 1956 na Waingereza wakakigeuza kituo hicho kuwa chombo cha vita yao, watangazaji Waarabu walijiuzulu na kituo kikafa. Alirudi Iraq, akafanya kazi ya redio Baghdad, hadi misukosuko iliyofuata mapinduzi ya mwaka 1958 ikamrudisha Beirut. Huko aliishi na mumewe, akaandika, na akatafsiri kutoka Kiingereza kazi za Pearl Buck, Bernard Shaw na John Steinbeck.

Katika miaka tisa alichapisha mikusanyo minne: Vitu Vidogo (1954), Kivuli Kikubwa (1956), Hadithi Nyingine (1960), na Saa na Mtu (1963). Tumeyatia majina hayo katika Kiswahili. La tatu litamchekesha kidogo msomaji wetu, maana kwetu maneno "na hadithi nyingine" hukaa nyuma ya jina la kitabu kama mkia, naye aliyafanya kichwa.

Hadithi fupi na redio

Wahakiki wamezoea kuieleza hadithi fupi kama tawi dogo la riwaya, au kama zoezi la mwandishi anayejiandaa kwa kazi kubwa. Historia ya Azzam inaonyesha sababu nyingine. Mtu anayehama Akka, Beirut, Hilla, Kupro, Baghdad na Beirut tena katika muda wa miaka kumi na kidogo hana meza moja ya kuandikia. Zaidi ya hayo, alilipwa na redio, na redio ina dakika zake. Hadithi zake zina alama za kusomwa kwa sauti: wahusika ni wachache, tukio ni moja, mandhari ni chumba kimoja au mtaa mmoja, na maelezo ya sura za watu ni haba mno.

Jambo hili si geni kwetu. Mashindano ya hadithi fupi yaliyoendeshwa na Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwishoni mwa miaka ya 1960 ndiyo yaliyozaa mikusanyo iliyosomwa mashuleni Afrika Mashariki, kama vile Mapenzi ni Kikohozi (1970). Hadithi fupi ya Kiswahili ya kisasa, kwa kiasi kikubwa, ilisikika kabla ya kusomwa, na tanzu hii haitaeleweka vizuri kwa anayeanza na kitabu na kuisahau redio.

Kisa kilichoupa mkusanyo wa mwaka 1963 jina lake kinafaa kama mfano. Kijana aliyeajiriwa karibuni anaamshwa kila alfajiri na mzee anayepita mlango kwa mlango kuwagongea wafanyakazi wasikose treni. Mzee hana cheo wala hapati malipo. Baadaye kijana anaelezwa kwamba mwanawe mzee huyo alichelewa siku moja, akaikimbilia treni, akafa chini ya magurudumu. Tangu hapo baba amekuwa saa ya watu wengine. Palestina haitajwi, kambi haitajwi. Hadithi nyingi za Azzam ziko hivyo: zinahusu mafundi, watumishi wa nyumbani, wake waliochoka, makarani. Anayemsoma kwa sababu tu ni mkimbizi atashangaa kuona ni mara chache kiasi gani anautaja ukimbizi kwa jina.

Mwenye duka

Na pale anapoutaja, anautaja kwa undani. Hadithi ya "Filastini" imo katika mkusanyo huohuo wa mwaka 1963. Mtu mmoja ana duka katika mtaa nchini Lebanon. Amekaa hapo miaka, anawajua wateja wake na wao wanamjua, ila hawamwiti kwa jina. Kwao yeye ni "Mpalestina". Mtoto akitumwa dukani hutumwa kwa Mpalestina. Jirani akimsifu au akimlalamikia, humtaja hivyohivyo. Mwenye duka anaamua kununua uraia: anatoa fedha nyingi kwa watu wanaotengeneza vitambulisho, naye anapata karatasi inayomtangaza kuwa Mlebanoni. Kisha udanganyifu unafichuka. Fedha zimekwenda, karatasi haina thamani, na mtaani anaitwa vilevile alivyoitwa tangu mwanzo.

Hakuna damu katika hadithi hii. Hakuna hema, hakuna askari anayempiga mtu. Kuna biashara iliyoharibika na neno moja linalorudiwa. Lakini mwanahistoria akiisoma polepole ataona kwamba Azzam anatofautisha vitu viwili ambavyo nyaraka za mashirika huvichanganya. Kimoja ni hadhi ya kisheria, ambayo hutolewa, hununuliwa, hughushiwa au hufutwa. Kingine ni jina analoitwa mtu na jirani yake, na hilo halina ofisi ya kwenda kulibadilisha. Mwenye duka anadhani akipata la kwanza, la pili litafuata. Hadithi inasema halifuati, na hata kama kitambulisho kingekuwa halali lisingefuata.

Huku Kawale mwenye duka aliyetoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huitwa Mburundi. Anaweza kuwa amezaliwa Uvira, au Kigali, au kuwa mtoto wa Bukavu aliyelelewa Dzaleka na anayezungumza Kichewa kuliko Kirundi, ataitwa Mburundi. Wanaomwita si wote wenye chuki. Wengi wamekopeshwa sukari na mtu huyohuyo. Mwaka 2023 maduka yalipofungwa, palikuwa na wateja waliosikitika kwa dhati kwamba Mburundi amepelekwa kambini, na ambao wasingeweza kumtajia afisa yeyote jina lake. Ripoti za wakati ule zinaweza kutupa idadi ya waliohamishwa. Kwamba mtu alihuzunikiwa bila jina ni jambo ambalo hatutalikuta katika ripoti. Tutalikuta kwa Azzam, aliyeliandika miaka 60 kabla.

Ghala na foleni

Kuna pingamizi lenye uzito, nalo lisipuuzwe. Samira Azzam hakuishi kambini. Elimu yake ilimpatia kazi, redio ilimpatia sauti na mshahara, na Beirut aliyoishi haikuwa Beirut ya mabati ya Shatila. Je, ana haki gani ya kuwa shahidi wa wale waliokuwa wakipanga foleni ya unga?

Jibu linapatikana katika hadithi yake ngumu kuliko zote, "Kwa Sababu Anawapenda". Mhusika wake ni mfanyakazi katika ghala la shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi wa Palestina, lililoanza kazi Mei 1950. Yuko upande wa ndani wa dirisha la mgao. Kutoka hapo anaona mkulima aliyekuwa na shamba lake akigeuka mwizi, mwanamke akiuza mwili wake, mtu mwingine akiuza habari za wenzake. Mwishowe analichoma ghala moto. Analichoma, kama jina la hadithi linavyosema, kwa kuwa anawapenda.

Mwandishi ameweka macho yake mahali ambapo yeye mwenyewe, kwa hadhi yake, angeweza kusimama: nyuma ya meza, pamoja na aliyeajiriwa. Hajifanyi kuwa yule aliye kwenye foleni. Kwa maoni yetu huo ni uaminifu, ingawa hatufichi kwamba hadithi yenyewe inatutia wasiwasi. Moto wa ghala ni hasira ya mwenye mshahara. Wale waliotegemea unga uliokuwa ndani watakula nini kesho yake? Hadithi haisemi, na msomaji wa Dzaleka, anayejua mgao ukipunguzwa nyumba inakuwaje, atauliza swali hilo kabla ya jingine lolote. Azzam aliona kwa usahihi jinsi msaada unavyoweza kumla mtu. Njaa aliiona kwa mbali kidogo.

Machozi ya Khazna

Tuseme wazi kwamba si hadithi zake zote zilizo sawa kwa ubora. "Mkate wa Kafara", inayohusu mapigano ya Akka mwaka 1948, hutajwa mara nyingi kwa sababu ya siasa yake. Msichana anayewapelekea wapiganaji chakula anauawa njiani na mkate unalowa damu yake, na wenye njaa wanabaki na mkate huo mbele yao. Ni picha kali, lakini imekazwa mno. Mwandishi hakuamini kwamba msomaji ataona mwenyewe.

Linganisha na "Machozi ya Kuuza". Khazna ni mwanamke wa mtaani mwenye kazi mbili: huwapamba maharusi, na hulipwa kwenda kulia katika misiba. Kwetu pia wako wanawake wa namna hiyo, wanaoalikwa furahani na msibani kwa ufundi uleule, na ambao watu huwacheka kidogo na kuwahitaji sana. Khazna anaweza kulia kwa ajili ya maiti asiyemjua mpaka nyumba nzima ikalia naye. Kisha binti yake mwenyewe anafariki. Watu wanakwenda wakitarajia kilio ambacho hakijapata kusikika. Wanamkuta amekaa kimya, macho makavu.

Hapo Azzam anaacha. Haelezi kwamba Khazna alikuwa amemaliza machozi, wala kwamba machozi ya kweli hayauzwi. Msimulizi wa kawaida angeteleza akasema yote mawili. Mwanamke maskini aliyegeuzwa kichekesho cha mtaa anapewa kitu kimoja ambacho hakuna aliyemlipia. Kipindi cha wanawake cha redio kilimfundisha Azzam kwamba wasikilizaji wake wako jikoni, nao hawahitaji kuelezwa msiba ni nini.

Lango

Katika hadithi ya "Mwaka Mwingine" mama mzee anasafiri hadi Yerusalemu wakati wa Krismasi, amebeba zawadi, kumsubiri binti yake aliyebaki upande wa pili wa mpaka. Tangu vita vya mwaka 1948 hadi mwaka 1967 mji huo uligawanyika vipande viwili, na njia ya kupita ilikuwa Lango la Mandelbaum, ambapo Wakristo waliobaki Israel waliruhusiwa kuvuka katika sikukuu. Binti haji. Mama anabaki na vikapu vyake, na jina la hadithi linatuambia ni muda gani atasubiri tena.

Lango hilo liliondolewa baada ya vita vya Juni 1967, lakini kwa namna ambayo Azzam hakuitarajia. Alikuwa akiandika riwaya, kazi ndefu ya kwanza baada ya miaka mingi ya hadithi fupi, iitwayo Sinai Bila Mipaka. Baada ya kushindwa kwa majeshi ya Waarabu aliuharibu mswada. Mawimbi mapya ya wakimbizi yalikuwa yakivuka Mto Yordani kuelekea mashariki, na mwezi Agosti alifunga safari kwa gari kutoka Beirut kwenda kuwaona. Hakufika. Tarehe 8 Agosti 1967 moyo wake ulisimama njiani, ndani ya Jordan, akiwa hajatimiza miaka 40. Ghassan Kanafani, mwandishi mwenzake aliyezaliwa pia Akka, alimwomboleza kama mwalimu wake. Mkusanyo mwingine, Idi Kutoka Dirisha la Magharibi, ulitoka mwaka 1971. Kwa Kiingereza hadithi 31 zilikusanywa na kutafsiriwa na Ranya Abdelrahman mwaka 2022, na kitabu hicho ndicho kinachoweza kupitishwa mkono kwa mkono kati ya Kawale na Dzaleka kwa sasa.

Kuhusu kutafsiri jina moja

Kuzitia hadithi hizi katika Kiswahili, tena Kiswahili kinachosemwa Dzaleka chenye Kifaransa na Kiswahili cha Kivu ndani yake, ni kazi ambayo ingepaswa kufanywa na watu wa huko wenyewe. Hapa tuzungumzie tatizo dogo litakalowakabili katika neno la kwanza kabisa. Kichwa cha Kiarabu ni "Filastini", bila ile al- ya kufanya nomino kuwa mahususi. Ni Mpalestina yeyote. Lakini watu wa mtaa wanapomtaja mwenye duka wanamkusudia mmoja tu, wa hapo kwenye kona. Kiarabu kinaweza kuziweka maana hizo mbili mbalimbali kwa herufi mbili. Kiswahili hakina herufi hizo, na ukiandika "Mpalestina" umeandika zote mbili kwa pamoja. Tulilijaribu jambo hili kwa kusimulia hadithi kwa sauti mbele ya wasikilizaji wachache hapa Kawale, na kila tulipofika penye mazungumzo ya majirani, ulimi ulitafuta wenyewe kiwakilishi, ukasema "yule Mpalestina". Hakuna aliyeona ajabu. Mmoja wao, ambaye duka lake lilikuwa limefungwa, alishauri kwamba kichwa kibaki bila "yule", maana yule, alisema, ni wao wanaomsema. Yeye mwenyewe akiwa peke yake dukani usiku akihesabu fedha, hajiiti yule.